Masaki au Mbezi Beach: Namna ya Kuchagua Makazi kwa Kuangalia Shule na Foleni

Familia nyingi zinazohamia Dar es Salaam zikiwa na uwezo wa kuchagua pa kuishi huishia kulinganisha maeneo mawili: Masaki, iliyo kwenye rasi ya Msasani jirani na Oysterbay, na Mbezi Beach, iliyo kaskazini kando ya Barabara ya Bagamoyo. Yote mawili yako Manispaa ya Kinondoni, yote yanapata upepo wa bahari, na yote yana nyumba nzuri, maduka ya kutosha na majirani wanaojali ulinzi. Kutoka katikati ya Masaki hadi Posta, yaani katikati ya jiji, ni kilomita 7 hivi, na kutoka Africana, kituo cha Mbezi Beach, hadi Posta ni kama kilomita 18. Mtu akizitazama namba hizo peke yake huona jibu limekwisha kupatikana, kumbe bado hajajua watoto watasoma wapi, na hilo ndilo linaloweza kuligeuza jibu lote.

Sisi tulianza na nyumba. Tulipata nyumba kubwa Mbezi Beach, yenye mwembe uani na chumba cha kila mtoto, na shule tukaitafuta baadaye, ikapatikana upande wa mjini. Binti yetu alikuwa darasa la kwanza. Tulikuwa tukimwamsha saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, tunamwogesha akiwa nusu usingizini, mkate wake unafungwa kwenye karatasi ya foili aule garini. Hata hatujafika Lugalo alikuwa amekwisha kulala tena, ameegemea mkanda wa kiti, na kila siku aliingia darasani na alama ya mkanda huo shavuni. Mwishoni mwa muhula mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana akili nzuri ila husinzia kipindi cha kwanza. Niliisoma sentensi ile mara nyingi sana. Mwongozo huu umefuata mpangilio ambao ningetamani tuufuate sisi: shule kwanza, njia pili, nyumba mwisho.

Hatua ya kwanza: chora pembetatu ya familia yenu

Chukua karatasi uandike sehemu tatu: nyumbani, shuleni na kazini. Kama wazazi wote wawili wanafanya kazi, andika kazi zote mbili; kama watoto wako shule tofauti, andika shule zote. Halafu andika pembeni ya kila safari ni nani anayeifanya, kwa siku ngapi katika wiki, na anatakiwa afike saa ngapi.

Usidhani kwamba kazi maana yake ni Posta. Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia wizara zake Dodoma mwaka 2016, na kadiri ofisi nyingi za kampuni zinavyojengwa Morocco, Victoria, Makumbusho na Masaki kwenyewe, watu wengi wa tabaka hili hawaendi tena katikati ya jiji kila siku. Anayefanya kazi Makumbusho akiishi Mbezi Beach anaokoa kipande kizima cha njia, na anayefanya kazi Tegeta au kiwandani upande wa Bunju akiishi hukohuko anakwenda kinyume cha msafara asubuhi, wakati magari mengi yanaelekea mjini. Mtu kama huyo akihamia Masaki kwa ajili ya jina tu atakuwa amejitafutia adha asiyokuwa nayo.

Pembetatu ikionyesha kwamba shule na kazi ziko upande mmoja, mambo ni mepesi. Ugumu huanza pale shule inapokuwa kaskazini na kazi mjini, au kinyume chake, na hapo ndipo hatua zinazofuata zinapokuwa na uzito.

Hatua ya pili: chagua mtaala kabla ya kuchagua shule

Wazazi wengi huanza kwa kuulizana majina ya shule, na mazungumzo yao hayana mwisho kwa sababu wanalinganisha vitu visivyofanana. Amueni kwanza kama mtoto atasoma mtaala wa Tanzania na kufanya mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, au mtaala wa Cambridge wa Uingereza, au ule wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate). Uamuzi huo hupunguza orodha mara moja, na mara nyingi huamua eneo lenyewe.

Kwa mfano, International School of Tanganyika, inayofuata IB, ina kampasi mbili: ya watoto wadogo iko Upanga na ya sekondari iko Masaki. Maana yake ni kwamba hata mkazi wa Masaki mwenye mtoto mdogo pale bado ana safari ya kuvuka kwenda Upanga kila asubuhi, na ndoto ya mtoto kutembea kwa miguu hadi shuleni itasubiri miaka kadhaa. Haven of Peace Academy, kwa upande mwingine, iko kaskazini, kwenye ukanda wa Barabara ya Bagamoyo. Familia iliyoichagua hiyo ikapanga nyumba Masaki italazimika kulielekea eneo lilelile iliyolikataa, mara mbili kwa siku. Shule za binafsi zinazofuata mtaala wa Tanzania kwa Kiingereza ziko pande zote mbili, ila ukanda wa Mikocheni, Kawe, Mbezi na Tegeta una nafasi zaidi ya kuchagua kuliko rasi ya Msasani, ambako ardhi ni finyu.

Kuna mambo mawili ya mtaala ambayo wazazi husahau. La kwanza ni kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa madarasa ya chini aulize shuleni mapema kama mwanawe atamaliza darasa la sita au la saba, maana ndipo atakapohitaji shule nyingine na pengine njia nyingine. La pili ni la wale wanaochagua mtaala wa nje: mtoto akitaka baadaye kusoma chuo kikuu hapa nchini, vyeti vyake hupelekwa NECTA kufanyiwa ulinganifu, na masomo aliyoyachagua akiwa na miaka kumi na minne yanaweza kumfungulia mlango au kumfungia.

Na kama mlikuwa mkijiambia kwamba foleni ikizidi mtoto atakwenda bweni, jueni kwamba kwa watoto wadogo njia hiyo imezibwa. Waraka wa Elimu uliotolewa mwaka 2023 ulizuia huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Binafsi nauunga mkono waraka huo kwa moyo wote, kwa kuwa mtoto wa miaka saba mahali pake ni kwao.

Hatua ya tatu: soma matokeo mwenyewe

Mwanzoni mwa mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Shule zenyewe, hata hivyo, hazijaacha kujitangaza kwa mabango, na ukikaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo utayasoma yote. Matokeo ya kila shule bado yanapatikana kwenye tovuti ya NECTA bila malipo, na kuyasoma vizuri kunahitaji subira kidogo tu.

Jambo la kwanza ni kuangalia idadi ya watahiniwa kabla ya kuangalia madaraja. Shule yenye watahiniwa 22 waliopata wote daraja la kwanza haiwezi kulinganishwa kirahisi na yenye watahiniwa 110 ambao 95 wamepata daraja hilo. Ya pili imewabeba watoto wa kila aina, na huenda mwanao ni mmoja wa aina hizo.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo muhimu kuliko yote, ni kutafuta dalili za mchujo. Chukua matokeo ya kidato cha pili ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa, kisha fungua matokeo ya kidato cha nne ya miaka miwili baadaye, yaani ya watoto walewale. Kwa shule za msingi fanya hivyohivyo kwa darasa la nne na darasa la saba, kwa tofauti ya miaka mitatu. Idadi ikishuka kutoka 80 hadi 74, hayo ni mambo ya kawaida ya watu kuhama. Ikishuka kutoka 80 hadi 50, kuna watoto thelathini ambao shule iliwaondoa au iliwakaririsha ili bango lipendeze. Mwalimu mkuu aulizwe waziwazi walikwenda wapi, na namna atakavyojibu itakufundisha mengi kuhusu shule yake.

Kwa shule za mitaala ya nje huna jedwali la NECTA la kusoma. Omba shule ikupe wastani wa matokeo pamoja na idadi ya waliofanya mtihani, uliza walimu wamekaa kwa wastani wa miaka mingapi, na uombe kuketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja. Shule inayokataa ombi hilo bila kueleza sababu inayoeleweka, mimi naiacha.

Hatua ya nne: pima njia kwa saa, siku ya kazi

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Dalali huwapeleka watu kuangalia nyumba Jumamosi saa tano asubuhi, barabara nyeupe, na kutoka Mbezi Beach hadi mjini wanatumia nusu saa, wakajiaminisha kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Njia ipimwe Jumatatu, shule zikiwa zimefunguliwa, na ipimwe tena siku yoyote ya mvua. Ondoka kwenye geti la nyumba yenyewe unayoitaka, kwa saa ileile ambayo mtoto atatakiwa kuondoka, na uandike muda katika kila kituo.

Kwa anayetoka Mbezi Beach, vituo vya kuandika ni Africana, Tangi Bovu, Lugalo, Mwenge, Makumbusho na Morocco. Mwenge ndipo roho ya safari ilipo, kwa sababu magari ya Barabara ya Bagamoyo yanakutana na yale ya Sam Nujoma yanayotoka Ubungo, na askari wa usalama barabarani wakishaamua kuruhusu upande mmoja, upande mwingine unasubiri kwa muda ambao hakuna ramani ya simu inayoweza kuubashiri. Barabara ya Bagamoyo pia ndiyo njia ya awamu ya nne ya mabasi ya mwendokasi, na ujenzi wa mradi huo umekuwa ukibana njia na kuhamisha magari mara kwa mara. Njia ya pili ya watu wa kaskazini ni Barabara ya Mwai Kibaki, inayopita Kawe na Mikocheni. Ipime nayo, lakini siku ya mvua kubwa usiitegemee, kwa kuwa Mikocheni hujaa maji upesi.

Kwa anayetoka Masaki hesabu ilibadilika mwaka 2022. Zamani karibu kila aliyeelekea mjini kutoka rasi ile alikutana na wenzake kwenye Daraja la Salenda. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, sasa linatoka karibu na Coco Beach na kuingia upande wa Hospitali ya Aga Khan, likiwafikisha watu Upanga na Posta bila kupita Salenda. Kwa mzazi mwenye mtoto Upanga, daraja hilo pekee linaweza kuwa sababu ya kuchagua Masaki. Lakini halimsaidii anayeelekea Mwenge au Ubungo; huyo bado atapita Namanga au kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro pamoja na kila mtu.

Baada ya kuandika muda, geuza hesabu iwe ya usingizi. Wataalamu wa usingizi wa watoto wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa sekondari. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuwa amelala ifikapo saa mbili usiku, na hayo ndiyo makadirio ya chini. Sasa tazama baba au mama anafika nyumbani saa ngapi. Akifika saa mbili na nusu, maana yake siku tano za wiki atamkuta mtoto amelala na kumwacha, au atamkuta macho na kumwibia usingizi. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi ileile ya pembetatu, chini kabisa, kwa herufi kubwa.

Hatua ya tano: gari la shule lina ratiba yake

Wazazi wengi husema, "Atapanda gari la shule," wakaona jambo limekwisha. Gari la shule hupitia mitaa, na mtoto wa kituo cha kwanza asubuhi mara nyingi hukaa garini mara mbili ya muda wa gari la nyumbani. Omba orodha ya vituo kwa mpangilio wake, ujue mwanao atakuwa wa ngapi kuchukuliwa na wa ngapi kushushwa, na uulize kama mzunguko hugeuzwa jioni ili aliyetangulia kuchukuliwa atangulie pia kushuka. Uliza kama kuna mhudumu anayewahesabu watoto wakati wa kupanda na wa kushuka, kama kila kiti kina mkanda, na dereva anabadilishwa kila baada ya muda gani. Nyumba mbili zilizoachana kwa mita mia tatu zinaweza kutofautiana kwa dakika ishirini na tano za usingizi, kwa sababu tu moja iko mwanzoni mwa mzunguko wa gari na nyingine iko mwishoni, karibu na kufika shuleni.

Hatua ya sita: sasa ndipo utafute nyumba

Dalali akikwambia ana nyumba "Mbezi", muulize ni Mbezi ipi. Kuna Mbezi Beach, na kuna Mbezi ya Kimara, iliyo kwenye Barabara ya Morogoro karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli, na kutoka moja hadi nyingine ni safari. Nimeshuhudia mgeni akipoteza siku nzima kwa kosa hilo.

Kwa pesa ileile, Mbezi Beach itakupa uwanja, nafasi ya watoto kucheza mpira na chumba cha wageni, ilhali Masaki itakupa ghorofa yenye jenereta na lifti. Katika hesabu ya Mbezi Beach ongeza mafuta, matengenezo ya gari na, kama wazazi mnaelekea pande tofauti, gari la pili pamoja na mshahara wa dereva. Mara nyingi tofauti ya kodi hupungua kuliko ilivyoonekana mwanzoni, ingawa haifutiki.

Kuhusu mkataba, kumbuka kwamba Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zilizoanza kutumika Machi 2025, zinakataza kutangaza bei au kutoza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Masaki ilizoea kutaja kodi kwa dola. Mkataba wako uandikwe kwa shilingi, na kifungu chochote kinachosema kodi itapanda kwa kufuata thamani ya dola kipelekwe kwa wakili kabla ya kutia saini. Jambo jingine ni kalenda: shule za mtaala wa Tanzania huanza mwaka Januari, na nyingi za kimataifa huanza Agosti. Kwa kuwa wenye nyumba huomba kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima mbele, omba mkataba uanze mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa, ili ukihitaji kuhama isiwe katikati ya muhula.

Nyumba yenyewe itazame wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au mara baada ya mvua za vuli. Angalia alama za maji kwenye ukuta wa uzio, muulize mlinzi wa nyumba ya jirani gari dogo hupita wapi mvua ikinyesha usiku kucha, na uonje maji ya kisima, maana karibu na bahari visima vingi vina chumvi.

Hatua ya saba: uamuzi

Familia yenye watoto wadogo, shule ikiwa Upanga au Masaki, na angalau mzazi mmoja akifanya kazi mjini, ingekuwa yangu ningeipeleka Masaki au Oysterbay hata kama ni kwenye ghorofa ndogo, na viwanja vya kuchezea watavikuta Coco Beach Jumapili. Familia iliyochagua shule ya kaskazini iende Mbezi Beach bila kusitasita, mzazi anayefanya kazi mjini akubali kuibeba foleni yeye mwenyewe. Mtu mzima anaweza kuondoka alfajiri na kunywa chai ofisini, na mtoto hapaswi. Familia yenye kijana wa sekondari anayekaribia bweni ipime zaidi kazi za wazazi kuliko shule.

Familia ambayo pembetatu yake bado imekataa kufungika, shule huku na kazi zote mbili kule, isilazimishe moja ya maeneo haya mawili. Mikocheni na Kawe ziko katikati, na ingawa zina shida yake ya maji ya mvua, kuna mitaa iliyoinuka ambayo huikuti kwenye midomo ya madalali mpaka uiulizie kwa jina.

Kabla ya kulipa kodi ya mwaka, pangeni chumba cha muda mfupi katika eneo mlilolichagua kwa wiki mbili shule zikiwa zimefunguliwa, na muishi kama mtakavyoishi: saa za kuamka zilezile, gari lilelile, njia ileile. Kila asubuhi mtoto anaposhuka kwenye gari mtazame usoni kabla hajaingia getini. Sisi tulipohamia karibu na shule, siku ya tatu binti yetu alishuka akikimbia, begi limefunguka, anamwita rafiki yake kwa sauti, na shavu lake halikuwa na alama yoyote.